Nembo haipandi Kitonga: kisa cha magari matatu ya familia moja

Ukiuliza kijiweni ni kampuni gani inatengeneza gari linalodumu, utapata majibu mengi. Mengi yatatoka kwa watu waliowahi kumiliki gari moja tu la kila kampuni, au hata hilo hawakulimiliki. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu mtu mmoja, kwa njia ileile na kwa matumizi yaleyale, alipitia Nissan moja na Toyota mbili, na kila senti akaiandika daftarini. Mawili kati ya magari hayo yalimshinda. Moja kati ya yaliyomshinda lilikuwa Toyota, na hapo ndipo pana funzo.

Usuli

Mwenye magari ni mkuu wa shule ya sekondari katika wilaya moja ya mkoa wa Iringa. Nitamwita Mwalimu. Jina lake, wilaya, namba za magari, yadi na gereji zilizohusika nimeviondoa, na gharama nimezieleza kwa uwiano badala ya tarakimu. Mwenyewe ameusoma uchambuzi huu na kuuridhia.

Siku za kazi gari lake hupita barabara ya vumbi kwenda shuleni na kurudi. Kila baada ya miezi michache humpeleka mama yake kliniki Dar es Salaam, kilometa takriban 500 kutoka Iringa mjini. Safari hiyo ya pili ndiyo iliyoamua hatima ya magari yake.

Anayeijua njia hiyo ataelewa haraka. Ukitoka Dar unapita Morogoro na Mikumi, kisha unateremka hadi Ruaha Mbuyuni, bondeni, penye joto kali. Kutoka hapo unaanza kupanda Mlima Kitonga. Mbele yako kuna malori yenye shehena yanayokwenda kwa mwendo wa mtu, kona zinabana, na nafasi ya kuyapita ni adimu. Gari linaingia mlimani likiwa tayari lina joto, limebeba abiria na magunia, na halipati upepo wa kutosha kwenye rejeta kwa sababu mwendo ni mdogo. Kasoro iliyojificha mwaka mzima kwenye tambarare hujitokeza pale.

Gari la kwanza: Nissan X-Trail ya 2008

Mwaka 2016 Mwalimu alichukua mkopo wa SACCOS na kununua X-Trail ya umbo la T31 kutoka yadi moja ya Dar es Salaam. Dashibodi ilisoma kilometa 78,000. Rangi ilikuwa safi, viti safi, injini kimya. Jaribio la barabarani lilikuwa kuzunguka mitaa miwili ya jirani na yadi, kwenye lami tambarare. Alipouliza historia ya gari aliambiwa, "Mama, hili lilikuwa la mzee Mjapani, halijasumbuliwa."

T31 za petroli zilizotoka Japani, ukiacha chache za gia za mkono, zina giaboksi ya CVT. Haina gia nne au tano kama otomatiki ya kawaida. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili ambazo upana wake hubadilika. Nguvu yote ya injini inapita kwenye mgusano wa mkanda na puli, na oili maalumu ndiyo inayoruhusu mkanda kung'ang'ania bila kukwaruza. Ukiweka oili isiyo yake, mkanda unateleza kama ule wa mashine ya kusaga uliolegea, ila huu ni wa chuma juu ya chuma, na vumbi la chuma linalotoka hapo linazunguka na kuziba njia za oili.

Kwa giaboksi hiyo Nissan wameagiza oili inayoitwa NS-2. Mwaka mmoja hivi baada ya kununua, Mwalimu alipeleka gari kwenye sevisi, na gereji ikamwaga oili ya giaboksi na kujaza hydraulic nyekundu ya kawaida, ileile wanayoweka kwenye otomatiki nyingine zote. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Daftari linaonyesha wazi: "Oili ya injini, filta, hydraulic lita 4."

Dalili zilianza wiki chache baadaye. Asubuhi gari lilichelewa kuitikia ukiweka D. Kisha kukawa na mvumo, kama wa bearing, ukipita mwendo wa 60. Aliporudi gereji akaambiwa ni bearing ya tairi la mbele, ikabadilishwa. Mvumo ukabaki. Ikabadilishwa na ya upande wa pili.

Safari iliyofuata ya kliniki, wakati wa kurudi, gari lilipoteza nguvu katikati ya Kitonga. Injini ilikubali lakini gari halikusogea zaidi ya mwendo wa baiskeli. Walisimama pembeni, wakasubiri lipoe, likapanda kidogo, wakasimama tena. Hiyo ilikuwa kompyuta ya gari ikipunguza nguvu kwa makusudi ili kuilinda giaboksi iliyopata joto kupita kiasi. Lilifika nyumbani. Mwalimu aliendelea kulitumia karibu miezi mitatu mingine, na mwanzoni mwa 2018 likagoma kabisa.

Fundi aliyelifungua safari hii alikuwa mwingine, mzee aliyezoea magari ya serikali. Alichomoa oili, akaisugua kati ya vidole na kuinusa. "Mwalimu, hii imeungua. Na hii si oili yake."

Kuna jambo lilijulikana siku hiyohiyo, alipokuwa akitafuta kadi ya gari kwenye bahasha ya nyaraka za forodha. Humo mlikuwa na nakala ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Vyeti hivyo huonyesha kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule. Cha gari hili kilisema kilometa 112,000, kwa ukaguzi uliofanyika kabla halijauzwa. Kwa hiyo zile 78,000 zilichezewa njiani, na ushahidi ulikuwa kabatini muda wote.

Uamuzi wa kuliuza lilivyo

Njia zilikuwa tatu. Kununua giaboksi iliyotumika kutoka Dar, kwa bei iliyokaribia theluthi ya thamani ya gari, bila dhamana yoyote ya maana. Kuikarabati ileile, ambapo hakupata fundi wa CVT katika mkoa mzima aliyeweza kuonyesha gari alilolitengeneza likadumu. Au kuuza lilivyo.

Aliuza kwa dalali, kwa hasara kubwa, huku mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara. Wengi walimlaumu. Mimi naona alikuwa sahihi kwa wakati ule, kwa sababu giaboksi mpya ya mtumba ingefungwa na gereji zilezile zisizojua tofauti ya oili, na ingekuja na historia isiyojulikana. Uamuzi mbaya ulikuwa ule wa awali, wa kuendelea kuendesha miezi mitatu baada ya Kitonga. Kama lingesimamishwa siku ileile, likasafishwa na kujazwa NS-2, huenda lingeokoka, au angalau lingeuzwa likiwa linatembea.

Gari la pili: Toyota RAV4 ya 2003

Kaka yake, anayeishi Dar na anayeendesha IST, alimwambia neno ambalo Watanzania wengi tumeambiwa: "Dada, chukua Toyota yoyote ile, hutajuta." Neno "yoyote" ndilo lililomgharimu.

Alipata RAV4 ya mkononi, namba C, bodi nzima, bei nafuu. Giaboksi ilikuwa otomatiki ya gia nne, ya kawaida, na safari hii Mwalimu aliuliza hilo kabla ya kitu kingine. Ilipanda Kitonga bila kulalamika. Kwa miezi ya mwanzo aliamini kaka yake amesema kweli.

Lakini juu ya injini palikuwa na maandishi D-4. RAV4 za kizazi hicho zilizouzwa Japani na injini ya lita 2.0 zilikuwa na 1AZ-FSE, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Zilizouzwa Ulaya zilikuwa na 1AZ-FE, ambayo hupuliza petroli nje ya silinda, kwenye njia ya hewa, na za lita 1.8 zilikuwa na 1ZZ-FE yenye mfumo huohuo wa zamani. Umbo ni lilelile, nembo ni ileile, lakini zikiishi Iringa haziishi maisha yaleyale.

Mfumo wa D-4 unahitaji pampu ya pili yenye shinikizo kubwa, makumi ya mara kuliko la mfumo wa kawaida. Pampu hiyo na nozeli zake hazivumilii uchafu wala maji kwenye mafuta. Halafu, kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi yanajijenga hapo mwaka hadi mwaka. Ukiongeza kwamba karibu na shule ya Mwalimu hapakuwa na kituo cha mafuta, na mara nyingi alijaziwa petroli ya dumu, basi umeelewa.

Gari likaanza kusumbua kuwaka asubuhi. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikawa haitulii, injini ikitetemeka kwenye taa nyekundu hadi ikizima. Taa ya injini ikawaka. Gereji ya mjini ilibadilisha plagi, kisha koili, kisha ikasafisha throto, kisha ikafunga nozeli za mtumba. Kila tendo lilileta nafuu ya siku chache, na kila nafuu ilimpa Mwalimu moyo wa kulipia tendo linalofuata. Hii ndiyo sehemu ya daftari inayoniuma kuisoma, kwa sababu hakuna malipo hata moja lililokuwa kubwa, na jumla yake ilipita nusu ya bei aliyonunulia gari. Hakuna aliyepima shinikizo la pampu hadi mwishoni kabisa. Lilipopimwa Dar, lilikuwa chini. Aliliuza mwaka 2020 kwa mtu wa Dar aliyetaka kuling'oa injini na kufunga nyingine.

Uamuzi wa tatu, na namna alivyoufikia

Hapa kisa kinabadilika, na sifa ni ya Mwalimu mwenyewe. Kabla ya kununua tena alikaa bila gari karibu nusu mwaka. Katika muda huo alifanya utafiti ambao sijaona mnunuzi mwingine akiufanya. Alikwenda stendi, kwa madereva wa teksi, kwa wenye maduka, kwa walimu wenzake, na kila aliyekuwa na gari la zaidi ya miaka kumi alimuuliza maswali yaleyale: injini gani, giaboksi gani, nini kimeharibika, spea ulipata hapa mjini au uliagiza, na fundi alikuwa nani.

Picha iliyotoka haikufuata nembo. Jirani yake mmoja alikuwa na X-Trail ya umbo la zamani, T30, yenye otomatiki ya gia nne. Sensa ya kranki ilimsumbua mara kwa mara, gari likazima barabarani, lakini giaboksi ilikuwa haijaguswa. Kwa hiyo Nissan moja ilikufa kwa CVT na Nissan nyingine ikaendelea kupanda mlima uleule. Mwenye Mitsubishi Pajero iO yenye injini ya GDI alieleza matatizo ambayo Mwalimu aliyatambua neno kwa neno, kwa kuwa GDI ni jina la Mitsubishi kwa teknolojia ileile ambayo Toyota waliiita D-4. Mwenye Honda Fit ya kizazi cha kwanza alisema gari lilikuwa likitetemeka likianza kuondoka, likapona baada ya kuwekewa oili ya CVT ya Honda yenyewe.

Alifikiria Subaru Forester, kwa sababu ya nguvu zake mlimani. Mzee fundi alimzuia kwa sababu ninayoikubali kabisa: "Mwalimu, hiyo injini imelala. Hapa sina mtu wa kuifungua." Injini za EJ za Subaru, ambazo silinda zake zimelala ubavu, zina mkanda wa taimingi, unaooanisha valvu na pistoni, na kwenye nyingi mkanda huo ukikatika valvu hugonga pistoni, na zile za lita 2.5 zimejulikana duniani kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Dar wapo mafundi wanaozimudu na wanaozipenda. Mjini kwake hawakuwepo, na gari ambalo fundi wake yuko kilometa 500 si imara kwako, hata kama ni imara kwa mwingine.

Mwishowe alichagua Toyota Probox ya 2008, injini 1NZ-FE ya cc 1,497, mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, petroli inayopulizwa nje ya silinda, otomatiki ya gia nne. Injini hiyohiyo imo kwenye IST, Corolla na Premio za cc 1,500, kwa hiyo spea zake zilikuwa kwenye maduka mawili ya mjini kwake. Kabla ya kulipa aliomba cheti cha Japani, akalinganisha kilometa. Muuzaji wa kwanza alikataa kukitoa, akaachana naye. Wa pili alikitoa. Kisha akamwomba mzee fundi aende naye, na jaribio likafanyika kwenye mwinuko mrefu, injini ikiwa ya moto, AC imewashwa, watu wanne ndani.

Matokeo

Kufikia 2024 Probox ilikuwa bado barabarani. Imebadilishwa pampu ya maji, shokapu za mbele, bushi na stebilaiza linki, yaani vitu ambavyo barabara ya vumbi ingeviua kwenye gari lolote. Haijawahi kumwacha njiani. Jumla ya matengenezo ya miaka hiyo yote, kwa mujibu wa daftari, ni chini ya alichotumia kwa RAV4 katika mwaka wake wa mwisho.

Si kwamba amepata kila kitu. Kiti cha nyuma ni kigumu, gari lina kelele, na mama yake, ambaye ndiye sababu ya safari zenyewe, hulalamikia mgongo kila wakifika Morogoro. Wamehamia kumketisha mbele na mto. Naliandika hili kwa sababu hesabu ya uimara ikifanywa na dereva peke yake, abiria mgonjwa husahaulika.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuacha kulinganisha kampuni na kuanza kulinganisha injini na giaboksi. Magari manne yaliyokufa au kuponea chupuchupu katika simulizi hii yana nembo nne tofauti, lakini chanzo ni viwili tu: oili isiyo sahihi kwenye CVT, na mafuta machafu kwenye injini ya kupuliza ndani. Hata hivyo nembo si bure. Nissan huko Marekani waliongeza dhamana ya CVT kwa magari ya modeli za 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, na kampuni haifanyi hivyo kwa kitu kisichowasumbua wateja. Udhaifu ulikuwepo. Hydraulic nyekundu iliuharakisha, na Kitonga ikaufichua.

Watu huniletea pia takwimu za Ulaya kuthibitisha ubora wa kampuni fulani. Nazithamini, lakini ni lazima ujue zinapima nini. TÜV, mashirika ya ukaguzi wa magari ya Ujerumani, hukusanya kasoro zinazoonekana kwenye ukaguzi wa usalama, kama taa, breki na bushi. Giaboksi inayokaribia kufa inaweza kupita ukaguzi huo bila alama. ADAC, chama cha wenye magari cha hukohuko, wao huhesabu magari yaliyokwama na kuitiwa msaada, na sababu inayoongoza mwaka hadi mwaka ni betri. Hakuna kati ya hizo inayokuambia gari la miaka kumi na tano, lililobadilisha wamiliki, litafanya nini bondeni Ruaha Mbuyuni saa nane mchana. Orodha ya Mwalimu, ya watu wa mji mmoja, ilikuwa na magari machache mno kuitwa takwimu, lakini ilipima kitu alichokihitaji.

Kilichoshindwa mara mbili ni utambuzi wa tatizo. Kwenye X-Trail zilibadilishwa bearing bila kukagua oili ya giaboksi. Kwenye RAV4 zilibadilishwa spea tatu bila kupima shinikizo. Mafundi wale hawakuwa wezi, kwa kadiri ninavyoona. Walitibu kile walichokijua, na mteja hakuwa na namna ya kusema "pima kwanza". Ningependa kila mwenye gari la mkopo aijue sentensi hiyo na aitumie, kwa adabu, kabla ya spea ya pili kununuliwa.

Jaribio la barabarani nalo lilikuwa tofauti kubwa. Mitaa miwili tambarare haikuweza kuonyesha chochote. Mwinuko na joto na uzito ndivyo vilivyoonyesha.

Gari lijalo

Mwalimu ameanza kufikiria kubadilisha, na hapa kanuni yake ya "hakuna CVT" inaelekea ukingoni. Probox zenyewe, kuanzia maboresho ya 2014, zinakuja na CVT. Wakenya, ambao sheria yao hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, wamekwisha kuzoea kuishi nazo. Kwetu tunaoagiza yenye umri mkubwa zaidi, zinafika zikiwa zimeshazeeka.

Nilichomshauri ni hiki. Akubali CVT ikiwa tu muuzaji atampa cheti cha kilometa na oili ya giaboksi itakaguliwa ikiwa ya moto. Siku ya kununua amwage oili yote iliyomo, hata kama inaonekana safi, na aweke ile iliyotajwa na kampuni kwa jina, anunue mwenyewe dukani na aione ikimiminwa. Aibadilishe kila kilometa 40,000, bila kujali maneno ya "oili ya maisha". Aandike jina la oili hiyo kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti, ili fundi yeyote wa njiani alione kabla ya kufungua kizibo. Na akipanda Kitonga nyuma ya lori, aache nafasi, asilisukumesukume gari, na likianza kupoteza nguvu asimame palepale penye nafasi, injini ikiwa inaunguruma na gia kwenye P, ili oili iendelee kuzunguka na kupoa.

Mzee fundi ameongeza sharti lake: kabla hajanunua, amletee jina la injini na la giaboksi, na yeye atampigia mwenzake wa Dar kuuliza kama spea zake zipo.